Hakuna Moto, Hakuna Maji, Hakuna Jembe

Jumatano, tarehe 13 Machi 1957. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi Shinyanga iliamka chini ya manyunyu, tope jeusi likinata miguuni, mawingu yamekaa chini kabisa juu ya mapaa ya stesheni.

Ndugu msomaji, wiki iliyopita nilikuacha nje ya lango la gereji ya Bwana Fenwick, ile karakana kubwa ya malori ambako mimi Ignas nilikuwa fundi. Unakumbuka kwa nini tuligoma. Lori lilimwangukia mwenzetu Donatus likamvunja miguu yote miwili, kwa sababu gereji ilikataa kununua vigoda vya chuma vya kuegemezea magari. Bwana Fenwick akamwachisha kazi angali kitandani. Tukaweka spana chini.

Unakumbuka na kiapo. Mwenyekiti wetu Valerian, Mzinza mpole wa upande wa Geita, aliuliza tuwafanye nini watakaovunja mgomo. Mimi nilikuwa katibu, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kusoma na kuandika ukubwani, katika masomo ya jioni ya misheni. Nikasimama nikasema tufanye kama vijiji vya Usukuma vinavyomfanya mtu aliyekataa wenzake. Asipewe moto. Asipewe maji. Akifiwa, asipewe jembe la kuchimbia kaburi.

Mikono yote ilikwenda juu. Siku ile nilijiona mtu mkubwa.

Kisha lori la kutoka Geita likaingia limejaa wavunja mgomo, na wa kwanza kuruka chini alikuwa Ngassa, kaka yangu, tumbo moja.

Asubuhi hiyo ya Jumatano nilikuwa nimepiga magoti kando ya jiko. Ilikuwa Kwaresima, nami nilikuwa nasali rozari. Mlango ukagongwa.

Alikuwa Mageni, mke wa Ngassa, mtoto mgongoni, kigae cha chungu mkononi. Maji yalikuwa yakimchuruzika usoni.

"Hodi, shemeji."

"Karibu," nilisema, lakini sikutoka mlangoni.

"Kuni zimelowa na kiberiti kimelowa. Nipe kaa moja tu, niwapikie uji kaka yako na mtoto."

Jiko langu lilikuwa likiwaka nyuma yangu. Aliliona.

"Siwezi, shemeji. Tuliapa."

"Nimeomba moto. Sikuomba ng'ombe."

"Ngassa akitoka gerejini, nitakuletea moto mwenyewe, na kuni, na unga."

Aliniangalia, akaiangalia rozari iliyokuwa ikining'inia vidoleni mwangu.

"Huyo unayemwomba," alisema, "naye akikujibu hivyo utasemaje?"

Akageuka. Nilirudi kwenye magoti. Nilipofika pale pa kusamehewa makosa yetu kama nasi tunavyowasamehe, ulimi ulinigoma. Nikaruka, nikaendelea na maneno yanayofuata.

Sasa lazima nieleze habari ya magogo, maana bila hayo hutaelewa yaliyonipata.

Kwa kuwa hapakuwa na vigoda vya chuma, kila fundi alijichongea gogo lake la mninga, zito, lenye nyuso sawa pande zote. Lori likishainuliwa kwa jeki, ulisukuma gogo lako chini ya fremu, ndipo ulale chini yake. Kila gogo lilichomwa alama ya mwenyewe kama ng'ombe. Langu lilikuwa na msalaba, la Valerian lilikuwa na samaki. Na hakuna fundi aliyelala chini ya gogo la mwenzake bila kumwomba, maana ukilala pale umempa mwenye gogo roho yako aishike.

Siku ya kugoma, kila mtu aliondoka na gogo lake. Tukawa tunayaleta langoni kila asubuhi na kuyakalia. Siku Donatus alipoangukiwa, gogo lake lilikuwa limepasuka, naye alikuwa ameegemeza lori kwa matofali. Baada ya hapo tulimchongea jipya, ingawa hakuwa tena na miguu ya kwendea kazini. Tulikuwa tukimbeba hadi langoni, na gogo lake tukiliweka pembeni yake.

Asubuhi hiyo nilipofika langoni, Ngassa alikuwa amesimama ndani ya ua, mikono yote miwili ameshika seng'enge.

"Ignas."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Humu tumepewa matofali. Tena yamelowa. Nataka kuingia chini ya lori la polisi, gia yake imekufa. Nikopeshe gogo."

"Siwezi, kaka."

"Si hilo hapo umelikalia?"

Onesmo, aliyekuwa amekaa kando yangu, alicheka. Onesmo alikuwa mdogo wake Donatus, kijana mwenye mabega kama mlango. "Mwambie aje alikalie na yeye," alisema. "Nafasi ipo, tutabanana."

"Toka, kaka," nilimwambia Ngassa. "Toka ukae nasi. Gogo utakalia wewe, mimi nitakaa topeni."

"Nikitoka, naenda wapi? Kule machimboni wamenifukuza kwa sababu nakohoa. Hapa Mzungu hajali kikohozi. Nimempa neno langu kwamba lori la polisi litatembea."

"Kukohoa anakohoa," alisema Onesmo, "lakini kula kazi ya watu hakumkabi."

"Kazi ya nani?" aliuliza Ngassa.

Onesmo alimwonyesha kwa kidevu. Donatus alikuwa amekaa juu ya gunia, miguu imefungwa mbao, mvua ikimnyeshea.

Ngassa aliachia seng'enge. "Pole, baba."

"Nimeshapoa," alisema Donatus. "Ukiingia chini, usilaze kifua upande wa ekseli. Mimi nililaza miguu."

Ngassa alinigeukia. "Bhebhe, wewe Ignas. Nani alikufundisha kushika spana?"

"Ni wewe, kaka."

"Haya. Kaa na gogo lako."

Akaondoka huku akikohoa. Sikumwita. Wenzangu walikuwa wakinitazama, nami nilikaa wima kabisa, kama mtu anayepigwa picha.

Haukupita muda, askari waliokuwa wakilinda gereji wakatujia. Bwana Fenwick alitaka lango liachwe wazi. Walikuwa wachache, wenye marungu.

"Ondokeni hapa," mkubwa wao alisema.

Valerian alisimama taratibu. "Afande, tumekaa barabarani, si kwenye gereji. Barabara ni ya..."

Rungu lilimpata mdomoni kabla hajamaliza. Alitema jino, akataka kuendelea na sentensi yake palepale ilipokatika. La pili likamlaza.

Onesmo aliruka. Alimnyang'anya askari rungu, akamvunja mkono kwa rungu hilohilo, nilisikia mfupa. Mafundi wote wakawa wameinuka. Mtu alimpiga askari kwa mnyororo. Askari mwingine alinikamata shingoni akanibamiza kwenye nguzo ya lango, nikaona nyota, nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Mimi niliyekuwa nafunga Kwaresima. Nilimpiga teke tumboni, alipoinama nikampiga goti usoni, na nasema mbele ya Mungu kwamba moyo wangu ulifurahi.

Askari walirudi nyuma, kisha wakakimbia kuelekea bomani, wakimvuta aliyevunjika mkono. Walikwenda kwa miguu, kwa kuwa lori lao lilikuwa mle ndani.

Tulishangilia. Onesmo alipunga lile rungu hewani.

Ndipo tukasikia kishindo.

Fundi yeyote anakijua kishindo hicho. Hakifanani na kingine. Ni chuma kuangukia ardhi laini, halafu kimya.

Wavunja mgomo walitoka ndani wakikimbia, wakatupita langoni bila hata kutuogopa. Mmoja wao alikuwa amepoteza kiatu.

"Nani yuko chini?" nilimwuliza, nikimshika shati.

"Ngassa. Matofali yamesagika." Akajinyofoa akakimbia.

Nilichukua gogo langu. Onesmo akasimama katikati ya lango.

"Unakwenda wapi, katibu?"

"Nipishe."

"Hakuna moto, hakuna maji, hakuna jembe. Nani alitunga maneno hayo?"

"Onesmo, ni kaka yangu."

"Na yule pale kwenye gunia ni nani wangu?" alisema, machozi yakimtoka. "Alilala chini ya lori analia, na Mzungu alitoka akachungulia akarudi kunywa chai. Ulisema tuape, tukaapa. Leo ni damu yako, ndiyo unataka tuvunje kiapo?"

Nilijaribu kupita. Alinisukuma kifuani, nikaanguka. Nikainuka. Akanipiga ngumi ya jicho. Nikainuka tena, na ndani nikamsikia Ngassa akikohoa, kikohozi chembamba, kama cha mtoto.

Nilimpiga Onesmo kwa gogo.

Lilimpata juu ya sikio. Alikaa chini, polepole, kama mtu aliyechoka, akajilaza ubavu. Nilimruka nikakimbia ndani. Sikugeuka.

Lori la polisi lilikuwa limelala upande, jeki imepinda chini yake. Ngassa alikuwa chini, kichwa na bega moja nje, ekseli juu ya kifua. Alikuwa amelaza kifua pale alipoambiwa asilaze. Baadaye nilielewa kwamba gia ya lori lile haifikiwi kwa namna nyingine.

"Umekuja na gogo," alisema.

"Nimekuja nalo, kaka. Usiseme."

Nilikaa topeni nikalisukuma gogo chini ya springi kwa miguu, mpaka likagota. Likazuia lori lisizidi kushuka. Kuinua halikuweza. Kazi hiyo ilitaka watu wengi na magogo mengi.

Bwana Fenwick alikuwa barazani, simu mkononi, uso mweupe kama chokaa. "Wewe, Ignas," alisema. "Ita watu. Upesi."

Niliita. Nilimwita kila fundi kwa jina lake. Walisimama langoni, wakiniangalia, kila mmoja amekumbatia gogo lake. Kati yao na mimi palikuwa na ua mtupu wenye madimbwi. Hakuna aliyevuka.

Siwalaumu. Maneno yaliyowafunga yalikuwa yangu.

Kisha nikaona kitu kinabingirika topeni. Kilikuwa gogo jipya, ambalo halijapata hata doa la grisi. Nyuma yake alikuwa Donatus. Alikuwa ameshuka kwenye gunia, anajikokota kwa viwiko, zile mbao za miguuni zikichora mistari nyuma yake, na kila akifika alipo gogo analisukuma tena mbele.

"Donatus," Valerian alimwita, mdomo umejaa damu, "na mdogo wako hapa?"

"Mdogo wangu atainuka mwenyewe," alisema Donatus bila kusimama. "Yule hawezi. Nayajua ya pale chini. Chukueni gogo langu, mimi sina kazi nalo tena."

Valerian alikuwa wa kwanza kuvuka. Wengine wakamfuata mbio.

Tuliingiza mtaimbo na nguzo mbili za uzio chini ya fremu. Mafundi Waislamu walisema Bismillahi, mimi nilisema Baba Yetu, na Ngassa pale chini aliwaita mababu zetu kwa Kisukuma, mmoja mmoja. Lori likainuka kidogo. Gogo likaingia. Tukapumua. Likainuka tena. La samaki likaingia juu ya la msalaba, na juu yake la Donatus.

Tukamvuta. Kifua kilikuwa kimebonyea upande mmoja, na pumzi yake ilitoa povu jekundu. Lakini alikuwa hai.

Mageni alifika tukiwa tumemlaza juu ya bati. Hakulia. Alipiga magoti akamfuta tope mumewe kwa kanga, na mtoto akachungulia kutoka mgongoni.

Ndipo nikasikia Donatus akiita langoni. Hakuita kwa nguvu. Aliita kama mtu anayemwamsha mwenzake asubuhi.

"Onesmo. We Onesmo. Amka twende."

Onesmo alikuwa hajainuka. Damu ilikuwa ikimtoka sikioni, macho nusu wazi. Donatus alikuwa amejikokota kurudi, amempakata kichwa.

Inspekta alifika wakati huohuo na askari wake, wote wamelowa, bunduki mkononi. Alimtazama Onesmo. "Nani amempiga huyu?"

Walioona walikuwa wengi. Donatus mwenyewe aliona. Hakuna aliyenitazama hata kwa jicho la pembeni.

Bwana Fenwick alishuka barazani akanivuta kando. Alizungumza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha.

"Ignas, wewe fundi mzuri. Mimi hapana taka wewe funga jela. Nani anaongoza hawa watu? Valerian. Nani anapiga huyu? Sema Valerian. Gari yangu iko tayari. Ndugu yako nenda hospitali sasa hivi."

Nilielewa vizuri. Daktari anayeweza kupasua kifua alikuwa katika hospitali ya misheni, ng'ambo ya mto. Lori la polisi lilikuwa limevunjika. Magari mengine ya mji yalikuwa mle uani mwetu, injini chini, yakingoja mgomo uishe. Gari lililokuwa likitembea lilikuwa moja, nalo lilikuwa na funguo zake mfukoni mwa Bwana Fenwick.

Inspekta alikuwa karibu. Alisikia. Akawa anatazama mawingu.

"Shemeji," aliita Mageni. "Anasemaje? Anatoa gari?"

Nilimtazama Ngassa. Nilimtazama Valerian, ambaye alikuwa ameinama akimfunga Onesmo kichwa kwa shati lake mwenyewe. Nilisali, msomaji. Sala yenyewe ilikuwa neno moja tu, "Bwana," na sikupata la pili.

"Inspekta," nilisema, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. "Mimi ndiye niliyempiga Onesmo. Kwa gogo langu, lile lenye msalaba, liko chini ya lori lenu. Valerian alikuwa amelala chini, mmempiga nyinyi wenyewe."

Bwana Fenwick alinitazama kidogo tu. Akatia mikono mfukoni, akapanda barazani, akafunga mlango.

Nilifungwa pingu. Donatus hakuinua uso. "Nilikuona," alisema. "Nilikuona nikaja na gogo hivyohivyo. Sasa omba huyu aamke, Ignas. Wewe unayejua kuomba, omba."

Valerian alisimama. Kiapo kilikuwa bado hakijafutwa na mkutano wowote, nami nilijua atafikiri hilo, kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu.

"Leteni bati la pili," alisema. "Tunawabeba wote wawili. Wanne wanne, mkibadilishana. Tukifika mtoni tutaona."

"Mto umejaa, mwenyekiti," mtu alisema.

"Nimesema tutaona."

Wagomaji wakaingiza mabega chini ya mabati, Ngassa mbele, Onesmo nyuma. Donatus akapandishwa mgongoni mwa mtu, akataka apelekwe kando ya mdogo wake.

Mageni ndiye ambaye hakuondoka. Alikuja akasimama mbele yangu, kati ya askari wawili, mvua ikiongezeka. Kile kigae cha chungu kilikuwa bado kimechomekwa kwenye mkunjo wa kanga yake.

"Mzungu alikuwa anatoa gari," alisema. "Nimesikia."

"Ndiyo, shemeji."

"Ukakataa."

"Ilikuwa niseme uongo, mtu mwingine afungwe."

"Mimi sikuuliza sababu." Aligeuka, akahakikisha kwamba Valerian amesimama kusikiliza, na wabebaji, na askari, na Inspekta mwenyewe. Ndipo akasema kwa sauti kavu, kama anayetaja majina ya wazazi wake.

"Nyote mnanisikia. Ngassa akivuka mto huu akiwa hai, mimi Mageni nitampikia huyu Ignas chakula na kumpelekea jela kila siku, mpaka watakapomtoa au kumnyonga. Akifia njiani, sina shemeji. Hatapata moto kwangu. Hatapata maji. Na siku akifa, hakuna mtoto wa Ngassa atakayeshika jembe."

Kule mbele, kutoka kwenye bati la kwanza, Ngassa alikohoa, kisha sikumsikia tena.

"Umesikia, shemeji?" aliuliza Mageni.

"Nimesikia," nilisema. "Amina."